SOMO: Enkoda kwenye mashine ya kusukia koili, na kwa nini hesabu inageuka hasi baada ya mzunguko wa 13

Wakuu, nipo Ngamiani hapa Tanga, nasuka mota za pampu na feni. Tangu niweke picha ya mashine yangu humu, simu haipoi, na swali ni lile lile: mbona hesabu inageuka hasi? Naandika mara moja. Atakayenipigia nikiwa na vanishi mkononi nitamrudisha hapa.

Mashine ni hivi: mota ya waipa ya gari inazungusha kalibu la mbao ambalo waya wa koili unajisuka juu yake, enkoda inasoma shafti imezunguka kiasi gani, bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuandikia programu, inaamua mota ipewe nguvu kiasi gani na isimame wapi.

Hatua ya 1. Funga mota kwenye fremu, ila weka mpira na bushi za plastiki kati yao. Mota nyingi za waipa mwili wake wa chuma ndio hasi. Ukitaka izunguke pande zote mbili, hiyo "hasi" itageuka chanya na fremu nzima nayo.

Hatua ya 2. Enkoda ikae kwenye shafti inayobeba kalibu. Usiiunganishe kwa bomba la chuma, maana shafti mbili hazinyooki sawasawa hata ukipima vipi, na beringi za enkoda ndizo zitakazolipa. Kipande cha mpira wa petroli na klampu mbili vinatosha.

Hatua ya 3. Waya. Hapa someni polepole, maana hapa niliua enkoda moja na Uno moja. Enkoda yangu ni ya mapigo 600 kwa mzunguko, inakula volti 5 hadi 24. Nyekundu ni chanya, nyeusi hasi, kijani ni A, nyeupe ni B; hizo mbili ndizo waya za ishara. Hizo ni rangi za hii niliyonayo sasa. Ile ya kwanza ilikuwa na rangi nyingine, mimi nikafuata picha ya mtandaoni nikaunga B moja kwa moja kwenye chanya. Haikutoa moshi wala harufu, ikanyamaza tu. Sababu ni kwamba ndani ya A na B kuna transista inayojua kazi moja: kuuvuta waya chini kwenye hasi. Kuupandisha haiwezi. Ukiipa chanya tupu, siku inapovuta chini umeme wote unapita humo. Kwa hiyo unaweka rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka A kwenda volti 5, na nyingine kutoka B kwenda volti 5. Nimesema TANO. Mara ya pili nilizivutia kwenye 12 ya betri, tena kwa rezista za omu 100 zilizokuwa karibu, pini za Uno zikafa. Enkoda yenyewe unaweza kuilisha 12, hiyo haina neno, lakini rezista zinaenda kwenye 5 ya Uno. Hasi zote ziungane: ya betri, ya Uno, ya enkoda. Wavu unaozunguka waya uunge kwenye hasi upande mmoja tu, na waya wa enkoda usilale pamoja na wa mota.

Hatua ya 4. Programu. A kwenye pini 2, B kwenye pini 3, kwa kuwa hizo ndizo Uno inazotumia kukatizwa kazi mara tu ishara inapobadilika. Ukisoma kila badiliko la A na la B, mapigo 600 yanakuwa hesabu 2,400 kwa mzunguko, yaani nyuzi 0.15 kila moja. Sasa lile swali. Kwenye programu mmeihifadhi hesabu kama "int", aina ya namba isiyobeba kubwa sana. Kwenye Uno "int" inaishia 32,767. Gawanya kwa 2,400 upate 13 na kitu. Ikipita hapo inarukia hasi. Andika "volatile long", aina inayobeba namba kubwa zaidi, na unapoisoma zima ukatizaji kwanza, maana Uno inaisoma baiti moja moja na namba inaweza kubadilika katikati.

Hatua ya 5. Nguvu ya mota. Natumia bodi ya BTS7960, inayopitisha umeme wa mota kwa amri ya Uno. Wanaiuza kwa ampea 43, usiamini, kile kibati cha kupoza hakiwezi kubeba hizo kwa muda mrefu. Weka fyuzi ya ukubwa ule gari linaotumia kwa waipa. Uno inawasha na kuzima umeme mara kama 490 kwa sekunde. Ukiongeza muda wa kuwaka mota inakaza mwendo. Mizunguko miwili ya mwisho punguza nguvu, la sivyo itapitiliza. Usipunguze mno: kwenye programu nguvu inaandikwa 0 hadi 255, na yangu chini ya 60 inaguna tu bila kuzunguka.

MASWALI

Mdau wa Korogwe: Mkuu yangu haisomi kitu, tatizo nini?
– Rezista umeweka?
Mdau wa Korogwe: Rezista zipi?
– Hatua ya 3.

Mdau wa Pongwe: Si ununue kaunta ya kubonyeza, mambo yote haya ya nini?
– Nilikuwa nayo miaka mingi. Inahesabu, haisimamishi mota. Mteja akiingia ukageuka kumsalimia, umeshapitisha mizunguko sita. Kama unasuka koili mbili kwa mwezi, baki nayo.

Binti wa Muheza: Shikamoo fundi. Kwa nini waya mbili, A na B, wakati moja inatosha kuhesabu?
– Marahaba mwanangu, hilo ndilo swali. B imechelewa robo ya pigo nyuma ya A. Shafti ikienda mbele, A inatangulia. Ikirudi, B inatangulia. Kwa waya mmoja, ukirudisha kalibu kulegeza waya, ingehesabu kama umeenda mbele.

Binti wa Muheza: Na umeme ukikatika katikati?
– Uno ikizimika hesabu inapotea, kwa hiyo ilishe kwa betri. Ziko enkoda zinazojua pembe hata zikizimwa. Diski yake hutumia msimbo wa Gray, wa Frank Gray wa maabara za Bell za Marekani, hataza yake ilitoka 1953. Kwa namba za kawaida, kutoka 7 kwenda 8 ni 0111 kwenda 1000, tarakimu nne zinageuka pamoja, na moja ikichelewa unasoma uongo. Kwa Gray inageuka moja tu. Ila angalia, zile za bei ndogo zinajua pembe, hazijui ni mzunguko wa ngapi, kwa hiyo kwa koili hazikusaidii. Usihifadhi kila mzunguko kwenye EEPROM ya Uno nayo, ile kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000 hivi kila sehemu.

Mdau wa Raskazone: Huku kwetu pwani chumvi inakula viunganishi, hesabu inaruka.
– Usitumie vya kuchomeka, chomea kwa risasi halafu pitisha vanishi ile ile ya koili. Yangu iko hivyo.

Mdau wa Korogwe: Nimeweka rezista, imesoma! Sasa nitajuaje mota ya zamani ilikuwa na mizunguko mingapi?
– Umeona sasa. Kata koili upande mmoja, hesabu ncha za waya kwenye mkato. Kama ilisukwa kwa waya mbili sambamba, gawa kwa mbili. Usitupe koili kuukuu kabla mota mpya haijazunguka.