Kumfundisha Mjapani sarufi ya Kiingereza: mwongozo kwa mwalimu Mswahili

Ukipata mwanafunzi wa Kijapani mtandaoni, usimwanzishie alifabeti wala "How are you". Mtu mzima uliyenaye amesoma Kiingereza miaka 3 ya sekondari ya chini, wengi wakaongeza 3 ya juu, na kwa watoto wa siku hizi somo linaanza rasmi darasa la 5 tangu mwaka 2020. Sarufi anaijua, tena kwa majina yake. Kinachomsumbua ni kuitoa mdomoni bila kuipitisha kwanza kwenye Kijapani.

Hapo mwalimu Mswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Makosa mengi ya Mjapani yanatoka sehemu ambazo Kijapani na Kiswahili vinakwenda njia moja na Kiingereza kinakwenda yake. Ukijua pa kutazama, utaliona kosa likija.

Hatua ya 1: Shika majina anayoyajua

Shuleni alifundishwa kuchambua sentensi kwa herufi nne. S ni kiima, wao huita shugo. V ni kitenzi, dōshi. O ni shamirisho, mokutekigo. C ni hogo, yaani neno linalokamilisha habari ya kiima au ya shamirisho, kama "busy" katika "She is busy". Kutokana na herufi hizo wanapata miundo 5 ya sentensi iliyoenezwa Japani na msomi Hosoe Itsuki kuanzia 1917. Waingereza wengi hawajawahi kuisikia, na mwalimu asiyeijua anabaki kushangaa mwanafunzi anapouliza, "Hii ni SVO au SVC?"

Ongeza mawili: jidōshi ni kitenzi kisichochukua shamirisho, tadōshi ni kinachochukua. Utayahitaji hatua ya 4.

Kipindi cha kwanza mpe sentensi tano, mojamoja kwa kila muundo: "Birds fly", "She is busy", "I drink tea", "He gave me a book", "We call him Ken". Aandike herufi juu ya kila neno. Atakushinda kwa kasi, na hilo ni zuri, maana ataanza masomo akiwa na uhakika.

Hatua ya 2: Mtafute kiima

Kijapani huanza kwa kutaja mada na kuiwekea "wa", halafu habari inafuata. Mada si lazima iwe mtenda. Mtu mkahawani anasema "Watashi wa tenpura", nasi hotelini tunasema "Mimi wali kuku", na mhudumu hadhani kwamba umegeuka kuku. Kwa Kiingereza "I am tempura" ni kichekesho.

Linalojirudia zaidi ni "Today is busy", kutoka "Kyō wa isogashii". Usimweleze nadharia. Muulize tu: nani yuko bize? Akijibu "Watashi", mwambie huyo ndiye S, na "today" iende mwisho. Swali la "nani au nini?" liulize kila mara mpaka aanze kujiuliza mwenyewe.

Hatua ya 3: -te iru si "-ing" kila mahali

Vitabu vingi vinamwambia kiishio cha kitenzi cha Kijapani -te iru ni "-ing". Kwa "tabete iru", anakula, ni kweli. Lakini "basu ga tomatte iru" ni basi limesimama, na "kingyo ga shinde iru" ni samaki amekufa. Akisema "The bus is stopping", msikilizaji anaelewa basi bado linapunguza mwendo. Akisema "The goldfish is dying", utamtafutia daktari samaki aliyekwisha kuoza.

Wewe pima kwa Kiswahili kichwani: ukipata -na-, mara nyingi "-ing" inafaa. Ukipata -me-, simama kwanza. Tukio la mara moja lililokwisha kutokea linataka "is dead", "has stopped", "has arrived". Kuna vinavyokataa kanuni: mtu aliye wima tunasema amesimama, na Kiingereza ni "is standing". Hivyo avikariri tu.

Hatua ya 4: Kutendwa, penye kazi kubwa

Hapa tenga vipindi kadhaa. Mwanafunzi atakuambia "I was stolen my wallet", na ukiwa mkweli utakubali kwamba sikio lako la Kiswahili halikushtuka sana. Kijapani ni "saifu o nusumareta", Kiswahili ni "niliibiwa pochi". Lugha zote mbili zinamweka mbele aliyepata hasara. Tena zinafika mbali zaidi: "ame ni furareta" ni nilinyeshewa na mvua, "tsuma ni shinareta" ni alifiwa na mkewe. Ndiyo maana unasikia "I was rained", na siku mbaya unasikia "He was died by his wife", ambayo inakaribia kumtia marehemu hatiani.

Rudi kwenye herufi zake. Aandike sentensi ya kutenda: "Someone stole my wallet". S ni "someone", V ni "stole", O ni "my wallet". Kanuni ni moja: kwa Kiingereza, kilicho O ndicho kinachoweza kupanda kuwa S. Kilichopanda ni "my wallet", basi tunapata "My wallet was stolen". Yeye mwenyewe hakuwa O, kwa hiyo hawezi kupanda.

Sasa mpe "rain" na "die". Ataona mwenyewe kwamba ni jidōshi, hazina O, hakuna cha kupandisha. Kwa mvua mfundishe "I got caught in the rain" kama ilivyo. Kwa msiba, "His wife died" inatosha. Ipo pia "I had my wallet stolen", lakini ningeichelewesha. Inaweza kusikika kama mtu aliyepanga aibiwe.

Hatua ya 5: "a" na "the" kwa hadithi ya Momotarō

Sisi hatuna vineno hivi, wao pia hawana, basi mkae chini pamoja. Kila Mjapani anajua mwanzo wa Momotarō: "Mukashi mukashi, aru tokoro ni, ojiisan to obaasan ga imashita. Ojiisan wa yama e shibakari ni…" Hapo zamani palikuwa na babu na bibi. Babu akaenda mlimani kutafuta kuni. Mara ya kwanza wanapotajwa ni "ga", kineno kinachoonyesha kiima, wakishajulikana ni "wa" ile ya mada. Kwa Kiingereza: "an old man and an old woman", kisha "the old man". Mwombe asimulie hadithi yote hivyo, na umsahihishe hapohapo.

Usimwache aamini kwamba "wa" ni "the" siku zote. "Inu wa kashikoi" ni "Dogs are clever", mbwa wote kwa jumla. Na akikuambia "I like dog", mkumbushe ile "-s", la sivyo anasifia nyama.

Hatua ya 6: Swali la kukanusha

"Hukula?" "Ndiyo, sikula." Kijapani ni vilevile: "Hai, tabemasen deshita." Kiingereza kinataka "No, I didn't". Mfundishe asilijali "not" la swali, atazame tukio tu: alikula, "yes", hakula, "no". Mpige maswali kumi ya haraka mwishoni mwa kila kipindi, ukichanganya "Did you" na "Didn't you". Na akikujibu "Yes" tupu, usiendelee mpaka amalizie sentensi, maana hujui bado kama alikula.