Kuchora kabisa kamba ya inverta (mstari unaonyesha volti ya kutoka kwa kila volti ya kuingia) kwa multimetri moja tu

Inverta naongelea hapa si ile ya sola, ni ile ya lojiki, unaingiza 0 (volti ya chini) inatoa 1 (volti ya juu). Wanafunzi wengi huku Bukavu wanaijua kwa kitabu tu sababu osiloskopi hakuna, lakini ukiwa na multimetri na karatasi ya milimetre inatosha kabisa.

Tafuta chipu ya CD4069UB, iko na miguu 14. Mguu 14 peleka ku plus, mguu 7 ku masi (minus ya batri), kuingia ni mguu 1, kutoka ni mguu 2. Miguu mingine ya kuingia (3, 5, 9, 11, 13) zifunge zote ku masi, usiache hata moja inaning'inia. Umeme chukua ku batri tatu za tochi, karibu volti 4.5. Powerbank mimi sitaki, hii kazi inakula umeme kidogo sana na nyingi zinajizima zenyewe katikati ya kupima. Potansiometri ya kilo-omu 10 weka kati ya plus na masi, mguu wake wa katikati njo unaenda ku mguu 1.

Sasa zungusha polepole toka 0, kila hatua andika volti ya kuingia na ya kutoka. Mwanzoni kutoka inabaki juu tu, hapo hatua za 0.2 zinatosha, lakini ukikaribia nusu ya umeme wako punguza hadi 0.05, maana hapo njo transista zote mbili za ndani ya inverta, ya upande wa plus na ya upande wa masi, zinafunguka pamoja na volti inaanguka haraka. Mara ya kwanza nilienda kwa 0.5, nikapata ukuta mnyoofu, hakuna kitu cha kusoma.

Ukimaliza kuchora, tafuta pale ukiongeza 0.05 kuingia, kutoka nayo inashuka 0.05 sawasawa. Utapaona mara mbili: ya kwanza ni VIL (volti ya kuingia ya juu kabisa yenye bado inahesabiwa 0), ya pili ni VIH (ya chini kabisa yenye inahesabiwa 1). Halafu chora mstari wa kuingia sawa na kutoka, pale unakata kamba ndiyo kizingiti, mahali inverta inageuka, na inakuwaga karibu nusu ya umeme.

Nafasi ya kuvumilia kelele: chini ni VIL toa VOL (volti ya kutoka ikiwa chini), juu ni VOH (volti ya kutoka ikiwa juu) toa VIH. Kwa 74HC04, chipu ingine ya inverta, ku volti 4.5 watengenezaji wanahakikisha VIL 1.35 na VIH 3.15, lakini ile kila inverta yake iko na inverta tatu zinafuatana ndani, kamba yake inaanguka wima na kwa potansiometri hauwezi kuishika katikati, njo maana nakwambia anza na 4069UB.