Mkasi wa racheti kwa mikorosho

Mavuno ya korosho yakishaisha huku Mtwara na Lindi, pogoa mapema. Ukichelewa hadi machipukizi mapya yatoke, unakata ncha zilezile ambazo zingebeba maua.

Kwa matawi ya unene wa hadi sentimita 4 hivi, mkasi wa mikono mirefu wenye racheti (meno yanayozuia wembe usirudi nyuma) unaokoa nguvu sana. Unabana, unalegeza mikono kidogo, jino linashika palepale, unabana tena mpaka tawi likatike. Tawi nene zaidi ni la msumeno. Ukililazimisha, jino au pini huvunjika, na vipuri vyake havipatikani kirahisi.

Dukani angalia wembe kwanza. Unaotua juu ya kibao bapa ni wa matawi makavu. Kwenye mabichi huponda gome, na jeraha lililopondwa hupona polepole. Kwa matawi mabichi tafuta wenye makali yanayopishana, kama mkasi wa fundi cherehani. Mikasi mingi ya racheti ni ya kibao, kwa hiyo ufungue uone kabla ya kulipa.

Kata nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina, wembe ukiwa upande wa shina. Tawi refu lipunguze uzito kwa kukata kipande cha mbele kwanza, la sivyo litaanguka na gome la shina. Usiusokote mkasi: wembe hupinda.

Racheti ikianza kuteleza, mara nyingi ni utomvu wa mkorosho uliogandia kwenye meno. Sugua kwa mswaki na maji ya vuguvugu, kausha, tia tone la oili.