Kabla ya kidonge cha kwanza cha lithiamu: mambo ya kuandaa kwa matibabu ya bipola ya miaka mingi

Mtu akitoka wodini baada ya mania, yaani kuchangamka kupita kiasi, yeye na ndugu zake huhesabu wiki: alale vizuri, atulie, arudi kazini. Tafiti za bipola, ugonjwa wa akili unaomrusha mtu kati ya mania na sonona, zinahesabu miaka. Nchini Marekani, wagonjwa 146 wa bipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 13. Ripoti iliyotoka 2002 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wiki zote hizo walikuwa na dalili za namna moja au nyingine, na sonona ilichukua zaidi ya mara tatu ya muda wa mania. Kwa hiyo familia inayokaa chonjo kwa ajili ya kelele, kukesha na kugawa fedha ovyo, bila kuangalia ukimya na kujifungia chumbani, imejiandaa kwa sehemu ndogo tu ya ugonjwa.

Hapa tunazungumzia lithiamu kwa sababu bado ndiyo inayotangulia katika kinga ya muda mrefu. Ilianza kutumika kwa mania mwaka 1949, John Cade, daktari wa Australia, alipochapisha taarifa ya wagonjwa kumi. Jaribio la BALANCE, lililochapishwa 2010, liligawa watu 330 katika makundi matatu na kuwafuatilia kwa hadi miaka 2. Waliolazimika kuongezewa matibabu kwa sababu hali ilikuwa inarudi walikuwa 69% kwa waliotumia valproeti, dawa nyingine ya bipola, peke yake, 59% kwa lithiamu peke yake, na 54% kwa waliotumia zote mbili. Tafadhali zitazame tarakimu hizo kabla ya kuanza, siyo baada ya kukata tamaa. Hata kundi lililofanya vizuri zaidi, zaidi ya nusu yao walihitaji msaada mwingine. Anayeanza akiamini hataugua tena ataitupa dawa siku hali itakaporudi, kumbe pengine ilikuwa inafanya kazi: vipindi vya ugonjwa vimepungua, vimekuwa vifupi, na hakulazwa. Tena uchambuzi wa majaribio 48, uliotoka 2013, ulikuta vifo vya kujiua ni vichache kwa wanaotumia lithiamu kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwetu hiyo peke yake ni sababu kubwa ya kuitayarishia njia vizuri.

Swali la kujiuliza mapema ni kama utaweza kukaa nayo miaka miwili au zaidi. Lithiamu ikikatwa ghafla, mania inaweza kurudi kwa kasi ndani ya wiki chache, hata kwa mtu aliyekuwa ametulia. Hesabu iliyochapishwa na Guy Goodwin mwaka 1994 ilionyesha kwamba anayeitumia kwa chini ya miaka miwili kisha akaiacha anaweza asipate faida yoyote. Ndiyo maana upatikanaji wa dawa unatangulia mengine yote. Tafuta maduka mawili ya dawa yanayoiweka, uliza huwa inakatika mara ngapi, na jiwekee akiba ya wiki mbili. Akiba hiyo ifungiwe na ndugu mnayeaminiana, maana lithiamu nyingi kwa mkupuo inaua. Ukibadilishiwa kampuni au aina ya kidonge, hasa kile kinachoyeyuka polepole, pima damu upya, na kidonge hicho usikisage wala kukitafuna. Ikibidi kuacha, dozi ipunguzwe na daktari kwa wiki 4 angalau, na ni bora zaidi ikienda miezi 3.

Vipimo vya awali vifanyike kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu baadaye hutajua kilichoharibika lini. Pima kreatinini na uchujaji wa figo, TSH (homoni inayoonyesha hali ya tezi ya thairoidi ya shingoni), kalsiamu, na uzito. Mwenye ugonjwa wa moyo aongeze kipimo cha umeme wa moyo, na mwanamke apime ujauzito. Baada ya hapo figo, thairoidi na kalsiamu hurudiwa kila miezi 6. Thairoidi kupungua nguvu ni jambo la kawaida kwa watumiaji wa lithiamu, nako huleta uchovu, kunenepa na huzuni. Mgonjwa asiyepimwa huambiwa sonona imezidi na kuongezewa dawa ya sonona, wakati alichokosa ni homoni ya kidonge kimoja kwa siku.

Kiasi cha lithiamu kwenye damu ndicho kinachoamua dozi, wala siyo miligramu zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa kinga, wengi hulengwa kati ya 0.6 na 0.8 mmol kwa lita, ikipita 1.5, sumu iko karibu, na wazee huweza kudhurika hata chini ya hapo. Damu hutolewa siku 5 hadi 7 baada ya kuanza au kubadilisha dozi, kisha kila miezi 3 mwaka wa kwanza. Ni lazima ziwe zimepita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Ukimeza saa 3 usiku, damu itolewe saa 3 asubuhi, na dozi ya asubuhi, kama unayo, isubiri mpaka utoke maabara. Ukimeza saa 12 alfajiri kisha ukatolewa damu saa 3, jibu litakuwa juu bure na dozi itapunguzwa pasipo sababu. Angalia pia kichupa kinachotumika. Kile chenye kifuniko cha kijani mara nyingi kina heparini ya lithiamu ya kuzuia damu isigande, na lithiamu hiyo huingia kwenye jibu lako. Mwambie mtu wa maabara kwa upole kwamba ni kipimo cha lithiamu, atumie kichupa cha kawaida cha seramu.

Sasa maji na chumvi, sehemu inayowaponza wengi katika nchi zetu za joto. Lithiamu hutoka kwa njia ya figo, na figo huichukulia kama sodiamu. Mwili ukipoteza maji na chumvi kwa kuhara, kutapika, homa ya malaria au kazi ya juani, figo hushikilia sodiamu na lithiamu hubaki nayo, ikapanda bila wewe kuongeza hata nusu kidonge. Kwa hiyo usiache chumvi ghafla kwa ushauri wa jirani. Ukianza kuhara au kutapika, kunywa maji ya ORS, simamisha lithiamu na wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo dukani hutolewa kama peremende, huipandisha pia. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Dawa za presha kama enalaprili, losatani na hidroklorothiazidi zina hatari hiyohiyo, basi kila anayekuandikia dawa ajue unatumia lithiamu. Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida. Mikono kutikisika hadi chai imwagike, kuyumba, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa siyo kawaida: usimeze tena, nenda hospitali.

Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari mwezi wa Shaabani. Dozi moja ya usiku hurahisisha mambo, lakini kukatika kwa usingizi kwa ajili ya daku kunaweza kuamsha mania hata dawa ikiwa sawa kwenye damu.

Kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, valproeti isianzishwe iwapo ipo njia nyingine. Mtoto mmoja kati ya kumi waliokutana nayo tumboni huzaliwa na kilema, na watatu hadi wanne kati ya kumi hupata matatizo ya kukua na kujifunza. Lithiamu nayo huongeza kidogo hatari ya kasoro za moyo katika miezi mitatu ya kwanza, hasa kwa dozi kubwa, kwa hiyo mimba ipangwe. Kukata dawa siku unapogundua una mimba kuna hatari yake. Kwa ugonjwa kurudi, wiki za mwanzo baada ya kujifungua ndizo mbaya kuliko zote. Karbamazepini, dawa nyingine ya bipola, hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na pia hupunguza dolutegraviri kwa wanaotumia ARV.

Mwisho andika kadi. Weka jina la dawa na dozi, tarehe na jibu la kipimo cha mwisho, dawa usizopaswa kupewa, na dalili zako mbili au tatu za mwanzo kwa lugha ya nyumbani: "analala kwa saa tatu tu na hachoki", "anapiga simu usiku wa manane", "hajaoga siku nne". Ongeza namba ya kliniki na jina la ndugu mwenye ruhusa ya kukupeleka hata ukikataa, na ruhusa hiyo uitoe ukiwa mzima. Kadi ikae kwenye pochi, na nakala abaki nayo mtu mnayelala nyumba moja.