Kabla ya kubandika stika kubwa sakafuni au nje, kagua kwanza pa kubandikia

Mteja akishaipenda picha kwenye skrini, haraka yake yote ni mashine ianze kuchapa. Kabla hujampa tarehe, muulize: inabandikwa juu ya nini? Stika ya ukutani kazi yake ni kutazamwa tu. Ya chini inakanyagwa, inapigwa deki, inapitiwa na toroli zenye mizigo, na ikiwa nje inaongezewa jua na mvua. Sakafu ikiwa haifai, hakuna fundi wa kuiokoa kazi hiyo.

Nenda uione mwenyewe. Picha za simu hazitoshi, maana kamera haionyeshi nta wala unyevu. Piga magoti, pitisha kiganja, uone kinarudi na nini. Kisha kata kipande cha tepu ngumu, kibandike, kisugue vizuri kwa kidole gumba, ukivute kwa mara moja na kukitazama kwenye mwanga. Kikirudi na unga wa saruji au magamba ya rangi, ujue gundi ya stika nayo itashika huo unga na kuiacha sakafu ilivyo.

Kila sakafu ina tabia yake. Zege jipya lipewe angalau siku 28 likauke na kukomaa. Zege la zamani nalo si la kuamini moja kwa moja, kwa kuwa maji yanaweza kupanda kutoka ardhini bila dalili yoyote juu. Chukua nailoni nzito yenye sentimita 45 hivi kila upande, ibandike tepu kuzunguka kingo zote, iache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi pale lilipofunikwa, unyevu huo utaisukuma gundi juu kidogo kidogo hadi stika ivimbe. Lami mpya hutoa mafuta, kwa hiyo isubiri wiki kadhaa. Vigae vina mifereji katikati, na maji ya deki hupita humo hadi chini ya stika. Sakafu inayong'aa kwa nta lazima nta yote iondolewe. Kuifuta juu juu ni kupoteza muda.

Halafu fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Bandika kipande cha vinili ileile utakayotumia (plastiki ya stika inayochapwa picha), pamoja na laminesheni yake (tabaka la plastiki la kuilinda picha kwa juu), kiache siku nzima, kisha ukibandue. Kikitoka bila kubisha, sakafu haijakubali. Kikitoka na rangi ya sakafu, una tatizo kubwa zaidi, kwa sababu siku ya kuondoa utaondoka na sakafu ya watu. Mwite mwenye jengo aone kwa macho yake kabla hujaanza kazi.

Kwenye vinili, usikubali kubahatisha. Laminesheni ya sakafuni ina uso wenye chembechembe za kuzuia utelezi, na mtengenezaji anatakiwa kukupa karatasi ya vipimo inayosema hivyo. Kwenye kipimo cha Kijerumani cha utelezi madaraja yanaanzia R9 hadi R13, na namba ikipanda ndivyo utelezi unavyopungua. Panapolowa, au penye mteremko, R9 ni ndogo mno. Laminesheni inayong'aa ya ukutani isiwekwe chini hata kwa tukio la saa mbili. Mtu akianguka hakuna atakayekumbuka ilikuwa ya saa mbili. Kwa lami na zege lenye mashimomashimo, tafuta stika yenye tabaka la alumini ndani. Hiyo hujikunja na kulala ndani ya kila kishimo, wakati vinili ya kawaida hubaki imetanda juu ya vilele ikisubiri kisigino cha kuitoboa.

Picha ikiwa kubwa itagawanywa vipande, kwa sababu roli nyingi zina upana wa mita 1.37 au 1.52. Chapa vipande vyote kwa mfululizo, kwenye roli moja na kwa mwelekeo mmoja, ili rangi zisipishane pale vinapokutana. Wino wa solventi (wenye kemikali zinazotoa mvuke unapokauka) upewe saa 24 hadi 48 upumue kabla ya laminesheni, na roli iachwe imelegea. Ukiufunika ungali na mvuke, kingo zitajikunja. Vipande viandike namba nyuma, uchore na ramani. Kipande kimoja cha akiba hakiumizi.

Viungo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Ukutani unaweza kulaza kipande juu ya kingine bila shida. Sakafuni mlalo huo unakuwa tuta dogo ambalo gurudumu la toroli hulikamata kila likipita, kwa hiyo vipande vikutane ukingo kwa ukingo. Panga viungo visipite kwenye nyuso za watu wala maandishi, na visikae kwenye njia yenye msongamano. Zege likiwa na mifereji ya kutanukia, kata stika hapohapo, kwani mfereji hufunguka na kujifunga kadiri joto linavyobadilika na utaipasua tu. Pembe zote zizungushwe, zisiwe kali.

Vibali vikaguliwe. Njia za dharura, mifuniko ya mashimo na mifereji ya maji: vyote vikaguliwe na vibaki wazi. Zaidi ya hapo, usifunike kamwe vigae vyenye vinundu au mistari ya kuwaongoza wasioona. Picha haina uzito wa kumpoteza mtu njia.

Kuhusu hali ya hewa, pima joto la sakafu lenyewe kwa kipimajoto cha mionzi, usitegemee utabiri wa hewa. Gundi nyingi zinataka kuanzia nyuzi 10 za selsiasi kwenda juu, na karatasi ya mtengenezaji itakuambia kikomo chake. Lami ya saa saba mchana inaweza kuwa moto kuliko hewa kwa mbali, na gundi ikigusa tu haikuruhusu kurekebisha. Alfajiri nako kuna umande. Ikiwa mvua ilinyesha jana, vishimo bado vina maji hata kama juu pameonekana pakavu. Roli nazo zilale palepale pa kazi tangu jana yake.

Siku yenyewe, fagia, vuta vumbi, osha kwa dawa ya kuondoa mafuta, suuza, kausha, halafu malizia na spiriti. Usinyunyize maji ya sabuni kama wafanyavyo kwenye vioo, kwani maji yakinaswa chini hayana pa kutokea. Piga mistari ya chaki, tandaza vipande vyote bila kubandua karatasi ya mgongo, vitazame kwa mbali, kisha anzia katikati kwenda nje. Watu wawili hawatoshi kwa kipande cha mita tano penye upepo. Penye uso wa mparuzo utahitaji moto na rola, basi mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Kabla ya kuondoka, zungushia utepe, na pasikanyagwe wala kuoshwa kwa saa 24. Waeleze wasafishaji, si meneja wao peke yake, kwamba mashine za brashi ngumu na maji ya presha hazitakiwi hapo. Ukingo ulioinuka ukatwe au uondolewe siku hiyohiyo. Na mkataba utaje tarehe ya kubandua, nani atabandua kwa joto la taratibu, na nani atalipia gundi itakayobaki.