Pima mvua ya parsele yako, kisha pima kijito

Kazi yangu ni kuezeka bati na kufunga mifereji ya nyumba huku Kadutu, Bukavu. Wateja huniuliza mvua moja itawajazia bidoni ngapi. Hesabu hiyo ni nyepesi; inayonipendeza zaidi ni ya maji yanayotuponyoka kwenda bondeni. Andaa chupa mbili za maji za lita moja na nusu, rula, fimbo, simu yenye saa, na kaye ya kuandikia.

Chagua chupa yenye ubavu ulionyooka. Yenye mikunjo itakudanganya. Kata juu pale inapoanza kuwa nyembamba, ukigeuze kipande hicho kichwa chini na kukichomeka mdomoni, ili jua lisiyanywe maji. Tia changarawe chini na maji ya kuzifunika, uchore mstari: hapo ni sifuri. Chupa ya pili ni ya akiba, maana watoto hupita. Ile ya kupimia iweke mbali na bati na mti wa avoka. Kila siku saa moja asubuhi soma milimita, andika, rudisha maji kwenye sifuri.

Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi bati la mita 8 kwa 6 likinyeshewa milimita 20 limepokea lita 960, yaani bidoni 48 za lita 20. Usiahidi mtu zote, mengine hurukia nje ya mfereji. Halafu tazama bati za Kadutu zilivyobanana mlimani: zote humwaga kwa pamoja, udongo haupati nafasi ya kunywa.

Sasa shuka kwenye kijito. Tafuta mahali penye mita 10 zilizonyooka. Pima upana, kisha zamisha fimbo mara kadhaa kutoka ukingo hadi ukingo upate kina cha wastani. Tupa ganda la chungwa katikati, uhesabu sekunde mpaka limalize zile mita 10. Tuseme upana ni mita 1.5, kina mita 0.1, na ganda limetumia sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Utapata mita za ujazo 0.048, yaani lita 48 kwa sekunde. Mvua ikiwa bado inanyesha huko juu, usiingie. Maji ya mlimani hufika kwa ghafla.

Pima baada ya mvua kubwa, upime tena kesho yake. Kijito cha kartiye zenye nyumba nyingi hupanda haraka na kushuka haraka, kikiwa na matope na mifuko. Kinachotoka msituni, kama upande wa mlima Kahuzi, hupanda taratibu na kukawia kushuka.

Kipimo nisichokubali ukiruke ni cha Julai. Chupa haipati mvua, lakini kijito kinatembea. Hayo ni maji ya mvua zilizopita, yaliyoingia ardhini na sasa yanatokea kwenye chemchemi, kama mtungi unaovuja polepole. Ukikuta kijito kimekauka kabisa, panda juu ukaangalie mlima umefanyiwa nini.

Theluji nayo hulisha mito, lakini kwetu hapana. Iko kwenye milima ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, na maji ya upande wa Kongo huingia mto Semliki, hadi Ziwa Albert na Nile. Barafu yake inazidi kupungua, na hata huko mvua ndiyo inayolisha mito zaidi. Huko Ulaya, theluji ya milima ya Alps husubiri joto ndipo ijaze mto Rhine.

Ziwa Kivu lipimie kwenye jiwe la ufukweni, asubuhi lisipo na mawimbi. Usitegemee lipande kwa mvua moja: ni pana mno, na mto Ruzizi unayapeleka maji yake Ziwa Tanganyika mchana na usiku. Tena mabwawa ya umeme kwenye Ruzizi yana mkono wake katika kimo hicho, kwa hiyo alama za jiwe zisome mwezi kwa mwezi, si siku kwa siku.