Namna ya kubadilisha viungio vya throtobodi bila kuharibu hesi zake

Throtobodi ni kipande cha alumini kinachokaa kati ya bomba la hewa na manifoldi ya kuingizia hewa, na ndani yake kuna kipepeo kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Pembeni mwake hutokeza viungio vidogo vinavyopokea mipira ya maji ya rejeta na mipira ya vakyumu, yaani ya mvuto wa hewa unaotokana na injini. Viungio vya plastiki hukauka kwa joto na kukatika. Vya chuma hushikana na alumini kwa kutu, hasa vile vinavyopitisha maji. Na wakati mwingine kiungio kizima kabisa hubadilishwa kwa sababu mpira mpya una kipenyo tofauti au unahitaji kuelekea upande mwingine. Kazi hii huonekana ndogo, lakini alumini ni laini kuliko chuma, na hesi, yaani mikato ya kuzungushia kama ya skrubu, zikishaliwa, kiungio cha bei ndogo kinaweza kukugharimu throtobodi nzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu hesi.

Anza na injini iliyopoa kabisa. Maji ya rejeta hufikia nyuzi 90 na zaidi injini inapofanya kazi, tena yakiwa na shinikizo, na kifuniko kikifunguliwa wakati huo yataruka na kumuunguza aliye karibu. Ondoa waya wa hasi wa betri, kisha punguza maji ya rejeta hadi usawa wake uwe chini ya throtobodi. Piga picha ya kila mpira mahali ulipo na uuwekee alama, kwa sababu mipira miwili inayofanana ikibadilishana nafasi, injini inaweza kuwaka huku ikisumbua kwa namna itakayokuchukua siku nzima kuitambua.

Nakusihi uifungue throtobodi na kuitoa kwenye gari, hata kama kiungio kinafikika ikiwa bado imefungwa. Sababu yangu ni moja: chochote kitakachoangukia ndani, kiwe kipande cha plastiki au unyoya wa alumini, kitavutwa moja kwa moja hadi kwenye silinda. Bolti zake kwa kawaida ni tatu au nne. Zilegeze kidogo kidogo kwa kupokezana, kisha ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Usiubanue mwili wake kwa bisibisi, kwani mkwaruzo kwenye uso wa gasketi ni mlango wa hewa.

Sasa tazama kiungio chenyewe kimeshikiliwa vipi. Chenye pembe sita za kushikia spana kimefungwa kwa hesi, lakini bomba jembamba laini lisilo na pembe zozote limegongomelewa kwa nguvu ndani ya tundu, na hilo halifunguliwi kwa kuzungushwa kama nati. La kugongomelewa hutolewa kwa kulishika na koleo la kujifunga, kulizungusha polepole kushoto na kulia huku ukilivuta, baada ya kuingiza ndani yake fimbo ya chuma inayolingana na tundu ili lisibonyee.

Kiungio cha hesi kipe mafuta ya kulegeza kutu na ukiache kwa saa kadhaa. Kikigoma, ondoa kwanza sensa, mota na sehemu zote za plastiki, safisha mafuta yote uliyopaka, halafu pasha alumini inayokizunguka kwa kipuliza hewa ya moto, si kwa moto wa gesi. Alumini hutanuka kuliko chuma na kuliko shaba ya manjano, hivyo joto hulegeza mshiko. Tumia soketi yenye pembe sita, na ukihisi kiungio kinazunguka kwa kukwama, kirudishe nyuma robo mzunguko, ongeza mafuta, kisha endelea. Subira hapa ni sehemu ya ufundi.

Kabla ya kununua kiungio kipya, pima hesi za kile cha zamani. Hapa ndipo mafundi wengi waangalifu hupotea, kwa kuwa kuna hesi tatu zinazofanana sana kwa macho. Ya kwanza ni M10x1, ambayo ni nyoofu na ina kipenyo cha milimita 10. Ya pili ni 1/8 NPT ya mfumo wa Marekani, inayochongoka kama koni, yenye kipenyo cha takriban milimita 10.3 na hesi 27 kwa inchi. Ya tatu ni 1/8 BSPT ya mfumo wa Uingereza, nayo inachongoka, ila kipenyo chake ni takriban milimita 9.7 na ina hesi 28 kwa inchi. Namba 1/8 haitokani na kipenyo cha nje unachokipima, na ndiyo maana huwachanganya watu. Mojawapo inaweza kuingia kwenye tundu la nyingine kwa mizunguko miwili au mitatu ikionekana kukubali, kisha ikaanza kukata hesi zisizo zake. Tumia kalipa kupima kipenyo na geji ya hesi kupima nafasi kati ya hesi. Kiungio kipya lazima kiingie kwa vidole tu mwanzoni. Kikidai spana tangu mzunguko wa kwanza, kitoe.

Aina ya hesi ndiyo inayoamua namna ya kuziba. Hesi nyoofu huzibwa na washa laini au oringi (pete ya mpira) mpya. Hesi zinazochongoka huhitaji gundi maalumu ya kuzibia hesi, nayo ipakwe ukiacha hesi mbili za mwanzo zikiwa kavu. Sipendekezi utepe mweupe wa mafundi bomba, kwa sababu vipande vyake hukatika na kuingia kwenye njia nyembamba. Silikoni ya kawaida inayonuka siki iepuke pia, maana mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni. Kiungio chenye hesi zinazochongoka kikaze kwa vidole hadi mwisho, kisha ongeza kwa spana takriban mzunguko mmoja na nusu. Kiungio cha kona kikipita upande unaoutaka, usikirudishe nyuma, kwani muhuri utavunjika. Kitoe, kisafishe, ukipake gundi upya.

Rudisha throtobodi ukitumia gasketi mpya, kaza bolti kwa kupokezana hadi kipimo cha kitabu cha gari, na weka klipu mpya. Kwenye injini yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), hata mipira ya vakyumu inahitaji klipu, kwa sababu shinikizo huigeukia. Kama kipepeo kinaendeshwa kwa mota, usitie kidole ndani wakati swichi imewashwa, na baada ya kuunganisha betri fuata utaratibu wa gari lako wa kuifundisha kompyuta nafasi ya kipepeo.

Jaza maji, toa hewa kwenye mfumo, kisha washa injini na usikilize. Bila kukanyaga mafuta, shinikizo ndani ya manifoldi huwa takriban kilopaskali 30 hadi 40, wakati hewa ya nje usawa wa bahari ni 101. Tofauti hiyo huvuta hewa kupitia ufa mdogo sana. Mlio wa kufyonza, mzunguko wa injini uliopanda au unaoyumba ni dalili za uvujaji. Wapo wanaopuliza kimiminika cha kusafishia kabureta ili kuutafuta, lakini hicho hushika moto kwenye injini ya moto. Pampu ndogo ya vakyumu au mashine ya moshi ni salama zaidi. Injini ikishapoa tena, tazama usawa wa maji na upitishe kidole kikavu chini ya kila kiungio cha maji.